Mambo Yasiyoleta Ukimwi, na Sababu Zake

Muhula uliopita Chama cha Sayansi kiliweka sanduku la maswali mlangoni mwa maktaba, kikaahidi kwamba majibu yatatolewa katika kurasa hizi za Kiswahili. Tulidhani wengi watauliza habari za nyota, au za umeme, au kwa nini ndege haianguki. Sanduku lilipofunguliwa, zaidi ya nusu ya karatasi zilihusu Ukimwi. Tena hazikuuliza habari za zinaa wala za sindano. Hayo yamesemwa mara nyingi, na kila mwanafunzi huyasikia tangu shule ya msingi. Ziliuliza habari za kikombe, beseni, shuka, choo, mbu, mashine ya kinyozi na jasho la kiwanja cha mpira. Karatasi moja isiyokuwa na jina ilisema hivi: “Mwenzangu alalaye kitanda cha juu humeza dawa kila usiku. Je, niombe kuhamishwa?”

Nimetakiwa mimi kuyajibu, kwa kuwa ndimi nifundishaye elimu ya viumbe. Sitajibu karatasi moja moja. Nyingi zafanana, na mtu akiisha kufahamu sababu moja iliyo ya kweli, aweza kujijibia mwenyewe maswali kumi ambayo hata hayajaulizwa. Mwanafunzi aliyekariri orodha ya “hili huambukiza, hili haliambukizi” atasahau orodha yake siku ya hofu. Kwa hiyo tuanze na kirusi chenyewe.

Kirusi cha Ukimwi ni kidogo mno. Hadubini za maabara yetu haziwezi kukionyesha. Kama ungeweza kuvipanga virusi 10,000 katika mstari mmoja, mstari huo ungekuwa na urefu wa milimita moja hivi. Udogo huu ndio unaowatia watu hofu, maana hudhani kwamba kitu kidogo namna hii chaweza kupenya popote. Kwa kweli ni kinyume cha hayo. Kirusi hakina mdomo, hakina miguu, hakiwezi kula, wala hakiwezi kuzaa peke yake. Ni kama barua ya maagizo iliyotiwa ndani ya bahasha nyembamba ya mafuta, nayo haina maana yoyote mpaka ifike kwa mtu wa kuisoma. Msomaji wake ni chembe hai ya aina moja hasa, yaani zile chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ni kama makamanda wa jeshi la mwili. Juu ya chembe hizo pana kitu kama kufuli, na kirusi kina ufunguo wake. Pasipo kufuli hiyo kirusi hakina mahali pa kuingia. Ngozi nzima ya mkono wako haina kufuli ya namna hiyo juu yake. Imefunikwa na tabaka la chembe zilizokwisha kufa, nacho kirusi hakijui la kufanya na chembe iliyokufa.

Ile bahasha ya mafuta nayo ni dhaifu. Sabuni huipasua. Maji yachemkayo huiharibu. Damu au ute ukikauka mezani, sehemu kubwa sana ya virusi huharibika katika saa chache. Isipokuwa damu iliyobaki ndani ya bomba la sindano, mahali pasipoingia hewa. Humo kirusi chaweza kukaa siku nyingi, hata majuma, na ndiyo sababu sindano iliyotumiwa ni kitu cha kuogopwa kwa haki.

Basi yapo majimaji ya mwili ambayo huwa na virusi vya kutosha kumwambukiza mtu: damu, shahawa, majimaji ya uke na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Jasho, machozi, mkojo na makamasi, kama hayana damu ndani yake, hayamo katika hesabu hiyo. Mate nayo huwa na virusi vichache sana, tena yana vitu ndani yake vinavyovizuia kufanya kazi. Ili mtu aambukizwe, haitoshi kwamba kirusi kimekuwa karibu naye. Lazima majimaji ya namna hiyo yatoke kwa mwenye virusi yakiwa mabichi, yakapate njia ya kuingia ndani ya mwili wa mwingine, mahali zilipo zile chembe zenye kufuli. Njia hizo zajulikana: ni kulala na mtu bila kinga, ni sindano au chombo kikali chenye damu mbichi, ni kuongezewa damu isiyopimwa, na ni mama kwa mtoto wake wakati wa mimba, wa kuzaa au wa kunyonyesha.

Sasa chukua kikombe cha uji cha mwenzako ukakitazame kwa macho hayo. Palipoguswa na mdomo wake pana mate kidogo, nayo yamechanganyika na hewa na uji wa moto. Wewe wakinywea, mate hayo yaenda tumboni, na tumbo lina asidi. Damu iko wapi? Hakuna. Njia iko wapi? Hakuna. Fanya vivyo hivyo kwa kijiko, shuka, beseni, kitasa cha mlango, kalamu iliyotafunwa, kitabu, kiti cha choo, bwawa la kuogelea, kukumbatiana, kupeana mikono, kupiga chafya. Kila mara utakosa damu, au utakosa njia, na mara nyingi utakosa vyote viwili. Nadhani karatasi kama ishirini za sanduku letu zimejibiwa kwa aya hii moja.

Lakini mwanasayansi hatosheki na maneno mazuri; huuliza ushahidi. Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Wakati Ukimwi ulipotokea, watu hawakuwa na haki ya kusema wanajua. Mwaka 1982 watu wa Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria katika Rakai, walianza kufa kwa ugonjwa uliowakondesha, na wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa ng’ambo ya mpaka. Watu wakauita Silimu kwa sababu ya kule kukonda. Mwaka 1985 madaktari, miongoni mwao wenzetu David Serwadda na Nelson Sewankambo, waliandika habari zake katika Lancet, gazeti la matabibu la Uingereza, na mwaka ule ule ndipo kipimo cha damu kilipoanza kutumika duniani. Kabla ya hapo, mtu aliyeogopa kikombe cha mgonjwa hakuwa mjinga. Alikuwa anaona kifo asichojua chanzo chake.

Kipimo kilipopatikana, madaktari waliweza kuuliza swali kwa namna itakayotoa jibu. Kama ugonjwa huu hupita kwa kikombe, shuka na choo, basi watakaokuwa wa kwanza kuupata ni watu wa nyumba ya mgonjwa. Mwaka 1986 Daktari Gerald Friedland na wenzake wa New York walitangaza uchunguzi wao. Walikuwa wamewatafuta watu 101 waliokaa nyumba moja na wagonjwa 39, nao si wenzi wao wa kitanda bali ni watoto, wazazi, ndugu na jamaa. Wengi walikuwa maskini, katika nyumba zilizosongamana. Walikuwa wametumia vikombe, sahani, vitanda, taulo, bafu na vyoo pamoja na wagonjwa. Walikuwa wamewabusu na kuwakumbatia. Wachache hata walishirikiana nao wembe na mswaki. Tena mambo hayo yalikuwa yamefanyika kabla ya watu kujua kwamba mgonjwa ana nini, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akijilinda. Damu ilipopimwa, watu 100 hawakuwa na virusi. Wa 101 alikuwa mtoto wa miaka 5 ambaye mama yake mwenyewe alikuwa na virusi, na dalili zote zilionyesha kwamba alivipata kwake wakati wa kuzaliwa.

Mtu aweza kusema kwamba New York si kwetu, na huko hawali kwa mkono katika sahani moja. Swali zuri. Lakini mwaka huo huo madaktari waliokuwa wakifanya kazi Kinshasa, pamoja na Daktari Jonathan Mann, walitangaza uchunguzi wa namna hiyo hiyo. Walilinganisha nyumba zenye mgonjwa na nyumba zisizokuwa na mgonjwa katika mji ule ule. Waume na wake wa wagonjwa walikuwa na virusi mara nyingi zaidi sana kuliko watu wa nyumba nyingine. Ama jamaa wengine wa nyumba hizo, waliokula na kulala pamoja na mgonjwa, hesabu zao hazikupishana na za majirani kiasi cha kuonyesha kwamba kukaa pamoja kumewaletea kitu.

Tangu siku hizo imepita miaka arobaini hivi. Katika Uganda peke yake watu karibu milioni moja na nusu wanaishi na virusi, na kila mmoja ana nyumba, ana sahani, ana watu wanaomfulia. Katika mashariki ya nchi yetu chungu kimoja cha malwa huzungukwa na wazee, mirija ikipita mkono kwa mkono jioni nzima. Kama mate yangeleta Ukimwi, tusingehitaji daktari wa kutuambia. Tungekuwa tumekwisha kuhesabu makaburi kufuata vyungu.

Nimesema yatosha juu ya nyumba. Tuje kwa mbu, maana swali la mbu ndilo lililorudiwa kuliko yote, na kwa hakika lina akili. Mwanafunzi hujiambia hivi: mbu hunyonya damu ya mgonjwa, kisha hunichoma mimi, kama sindano huambukiza, kwa nini mbu asiambukize, naye ni sindano yenye mabawa?

Jibu la kwanza limo katika mdomo wa mbu. Mdomo huo si bomba moja kama sindano ya hospitali. Una njia mbili: moja ya kumwaga mate yake ndani ya ngozi yako ili damu isigande, na nyingine ya kufyonza. Damu aliyoinywa hairudi kwa njia ya mate. Akiisha kushiba huruka akatulie ukutani kusaga chakula chake. Damu iliyobaki mdomoni kwa nje ni kidogo mno, haifikii kiasi kihitajiwacho.

Jibu la pili limo katika tumbo lake. Hapa wengi husema: “Mbona malaria huletwa na mbu?” Ndiyo, kwa sababu mdudu wa malaria ni kiumbe kingine kabisa, naye amezoea kuishi ndani ya mbu tangu zamani za kale. Akiingia tumboni mwa mbu jike wa aina ya anofelesi, hupenya ukuta wa tumbo, hukua na kuongezeka kwa siku kumi au zaidi, kisha husafiri mpaka katika tezi za mate na kungoja huko. Mbu kwake ni nyumba. Kirusi cha Ukimwi kikiingia tumboni mwa mbu hakikuti chembe hata moja yenye kufuli yake. Husagwa pamoja na damu, kikawa chakula. Wala si mbu tu: kunguni, kupe, viroboto na chawa wa shuleni, ambao ni aibu yetu kwa sababu nyingine, hawana uwezo huo.

Jibu la tatu lanipendeza zaidi, kwa sababu mwanafunzi aweza kulipata bila hadubini. Jiulize mbu huwachoma nani. Huwachoma watu wote, wala haulizi umri. Na malaria huwaua hasa watoto walio chini ya miaka 5. Basi kama mbu wangekuwa wakieneza Ukimwi, watoto wa miaka 5 hadi 14 wangekuwa wameujaa, sawa na wazazi wao. Lakini katika miaka mibaya ya Rakai, palipokuwa na mbu tele na virusi tele, ugonjwa ulikuwa kwa watu wazima na kwa watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi. Wale wa katikati, wenye kutembea miguu wazi na kulala bila chandarua, walikuwa karibu wote salama. Hakuna mbu awezaye kuchagua watu namna hiyo. Chandarua chako kitundike hata hivyo, kwa ajili ya malaria.

Sasa yako maswali ambayo jibu lake si “hapana” tupu, nayo ni yale yanayohusu damu. Nisingependa mtu asome hapa kwamba kila kitu ni salama akaenda kuazima wembe.

Wembe wenye damu mbichi waweza, kwa hesabu, kumpitishia mtu kirusi, ijapokuwa jambo hilo halionekani mara kwa mara. Tazameni mambo yaliyopimwa hospitalini: wauguzi wanaojichoma kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi asiyetumia dawa, waambukizwao ni kama 3 katika kila 1,000. Na hiyo ni sindano yenye shimo, iliyojaa damu, iliyoingia ndani ya nyama. Mashine ya kinyozi isiyokata ngozi haiko karibu na hatari hiyo. Lakini yuko ndugu mwingine asiyetajwa katika karatasi hata moja ya sanduku letu, naye ndiye niliyetamani mumwogope kidogo: homa ya ini ya aina B. Kirusi chake ni kigumu. Chaweza kukaa hai juu ya meza au wembe kwa siku 7 au zaidi hata damu ikiwa imekauka, na sindano ile ile ikimchoma mtu asiyechanjwa yaweza kumwambukiza mara nyingi kupita Ukimwi kwa mbali sana. Homa hiyo hupita kwa wembe wa kuazimana, kwa mswaki, kwa kikata kucha. Inayo chanjo, nayo hupewa watoto wachanga wa Uganda tangu mwaka 2002. Kwa hiyo mswaki na wembe viwe vya mtu mmoja, kwa sababu ya homa ya ini, wala si kwa kumshuku mtu fulani. Na kinyozi wa mjini asafishe mashine yake kwa dawa mbele yako kabla hajakugusa. Ukimwomba kwa adabu hatakasirika.

Je, mpirani, mtu akipasuka kichwa? Au barabarani, bodaboda ikianguka mbele yako? Msaidie. Damu ya mtu ikimwagika juu ya ngozi yako isiyo na jeraha, iko juu ya ukuta tu. Ioshe kwa sabuni na maji. Kama unayo glavu, vaa. Kama huna, mfuko wa plastiki mkononi utafaa, au mpe majeruhi mwenyewe kitambaa akandamize jeraha lake. Ikiwa damu imeingia katika kidonda chako kibichi au jichoni, osha kwa maji mengi, usikamue wala usisugue, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko kuna dawa za kuzuia ambazo humezwa kwa siku 28, nazo lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Upesi ndio bora. Watu wengi hukaa nyumbani wakiomba Mungu kwa juma zima, na muda umekwisha pita.

Kuumwa meno, kupigana, busu: matukio ya kuambukizwa kwa njia hizo yaliyopata kuandikwa na madaktari katika dunia nzima ni machache sana, na yalihusu damu, yaani ufizi uliotoka damu na jeraha wazi. Mama mwenye virusi asimtafunie mtoto chakula. Huko Marekani watoto wachache walionekana wameupata kwa njia hiyo, na ufizi wa mama ukawa ndio chanzo.

Nisimulie habari ya shule mbili. Katika jimbo la Indiana, huko Marekani, alikuwapo kijana aitwaye Ryan White, mwenye ugonjwa wa damu isiyoganda. Dawa aliyotibiwa ilitengenezwa kwa damu za watu wengi, na humo akapata virusi. Aligunduliwa Desemba 1984, umri wake miaka 13. Mwaka 1985 shule ya mji wake, Kokomo, ilimkataa. Alisikiliza masomo kwa simu akiwa kitandani. Aliporudishwa shuleni mwaka 1986, alipewa choo cha peke yake na vijiko vya kutupa. Wazazi wengine wakawaondoa watoto wao. Risasi ikapigwa nyumbani kwao. Mwaka 1987 jamaa yake ilihamia Cicero, mji mwingine wa jimbo lile lile. Huko wanafunzi walikuwa wamefundishwa kabla hajafika, kama ninavyofundisha hapa, na siku ya kwanza walimpokea kwa kumshika mkono. Alikaa nao mpaka alipokufa Aprili 1990. Kirusi kilikuwa kile kile, kijana yule yule, sheria za jimbo zile zile. Katika shule zote mbili hakuna aliyeambukizwa naye. Kokomo hawakulindwa na choo cha peke yake, maana hapakuwa na kitu cha kulindwa nacho.

Kwetu sisi, mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alirudi kutoka Sweden akasema mbele ya watu kwamba anao Ukimwi, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka nguvu zikamwishia; alikufa Desemba mwaka huo. Na kabla yake, mwaka 1987, Bibi Noerine Kaleeba aliunda chama cha TASO pamoja na wenzake baada ya mumewe kufa kwa virusi alivyovipata kwa kuongezewa damu. Watu hao walikuwa wakikutana, wakinywa chai pamoja katika vikombe vya pamoja, wakati ambapo jirani hawakutaka hata kupita mlangoni.

Nirudi kwa yule mwenye mwenzake wa kitanda cha juu. Kwanza, hujui anameza nini. Huenda ni dawa ya kifafa, au ya moyo, au ya seli mundu, au ya kifua kikuu. Wala si juu yako kujua. Lakini tuseme ni dawa ya Ukimwi. Basi yakupasa ufahamu dawa hiyo inafanya nini. Huzuia kirusi kisizae. Akiimeza vizuri kila siku, baada ya miezi michache virusi katika damu yake huwa vichache hata kipimo hakivioni. Katika uchunguzi wa Ulaya uitwao PARTNER, uliotangazwa mwaka 2016 na tena 2019, walifuatiliwa watu wawili wawili, mmoja ana virusi vilivyofubazwa namna hii na mwenziwe hana, nao walikuwa wakilala pamoja bila kinga mara maelfu kwa maelfu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe huyo. Nawe waogopa shuka!

Hatari ya bwenini iko upande mwingine. Dawa hii yataka imezwe kila siku, kwa saa ile ile. Kijana anayejua kwamba wenzake watahama vitanda wakimwona, atafanya nini? Atangoja taa zizimwe, na siku ya mtihani atalala kabla. Chupa ya vidonge hulia kama njuga. Ataitia pamba, au ataacha chupa nyumbani na kufunga vidonge katika karatasi, ambapo huharibika kwa unyevu. Wageni wakija, ataruka siku mbili. Kirusi hakiruki siku. Kikipewa nafasi huzaa tena, na wale wazaliwao wakati wa dawa pungufu huweza kujifunza kuishi pamoja na dawa. Madaktari wa nchi zetu wameona mara nyingi vijana waliozaliwa na virusi, wakalelewa vizuri mpaka miaka 14 au 15, kisha wakaanza kudhoofika baada ya kwenda shule ya bweni. Aliyewadhoofisha si chakula cha shule, ingawa nacho nina maneno yangu juu yake. Ni macho ya wenzao usiku.

Tena, kati yenu wawili, ni nani wa kumwogopa mwenzake? Wewe ukiwa na kikohozi cha majuma mawili na hutaki kwenda kupimwa, na madirisha ya bweni yamefungwa kwa sababu ya baridi, hewa hiyo yaweza kuwa na kifua kikuu, ambacho hupita kwa pumzi kweli kweli. Aliye na virusi vya Ukimwi hukipata kwa urahisi kuliko wewe. Kwa hiyo, ewe mwenye kitanda cha chini, usihame. Fungua dirisha. Na kama umekohoa muda mrefu, nenda ukapimwe, ili yeye asikupate wewe.

Imebaki barua moja, haikutoka sandukuni. Ililetwa na posta na mwanafunzi wa zamani aliyeondoka hapa miaka mingi iliyopita, naye sasa ana nyumba na watoto. Ndugu yake amefariki, na binti wa marehemu, umri miaka 9, aja kukaa kwake. Mtoto huyo anatumia dawa tangu alipozaliwa. Bwana huyo auliza kama amnunulie sahani na beseni lake mwenyewe, na kama watoto wake wasilale naye chumba kimoja, “si kwa ubaya, bali kwa tahadhari tu.”

Bwana, sahani hiyo usiinunue. Mtoto wa miaka 9 anajua maana yake siku ya kwanza, na watoto wako wataijua siku ya pili, kisha majirani. Walale pamoja, wale pamoja, wapigane juu ya mto kama watoto wote. Mswaki kila mtoto na wake, kama nilivyosema. Akijikata, mfunge jeraha kama unavyowafunga wengine, ukanawe kwa sabuni. Fedha za sahani zitumie kununua saa ndogo yenye kengele, uiweke saa ya jioni ambayo mtoto amezoea kumezea dawa; muulize mwenyewe, atakuambia, maana watoto hawa hujua saa yao kuliko sisi. Uliza kadi yake iko wapi na tarehe ya kurudi kliniki ni lini, kwa kuwa kadi husahaulika katika msiba, na dawa alizonazo yamkini ni za mwezi mmoja tu. Kama kliniki yake iko mbali na kwako, omba barua ya uhamisho kabla vidonge havijaisha. Na mkeo aambiwe yote haya na wewe, mapema, mlango ukiwa umefungwa, asije akayasikia kisimani.